Wajaluo au Waluo? Namna wahariri wa kujitolea wanavyogombana na kupatana

Mtu mmoja wa jamii kubwa ya hapa Awendo ni jaluo. Wakiwa wawili au elfu mbili, ni joluo. Kiambishi ja- katika Dholuo kinafanya kazi ileile inayofanywa na m- katika Kiswahili, na jo- ni sawa na wa-. Kwa hivyo anayesema "Mjaluo" amemvisha mtu huyo kofia mbili, moja juu ya nyingine. Anayesema "Wajaluo" amefanya kubwa zaidi: amechukua kiambishi cha umoja cha Dholuo, akakibandika juu yake kiambishi cha wingi cha Kiswahili. Mwalimu wa sarufi akilikodolea macho neno hilo kwa muda atataka kulinyoosha liwe "Mluo" na "Waluo". Lakini mwalimu huyohuyo akitoka darasani akaenda sokoni Kongowea au Kariakoo, atasikia Mjaluo na Wajaluo mchana kutwa, na hakuna anayeshtuka.

Sasa hebu tuseme kwamba unaandika makala kuhusu jamii hiyo katika kamusi elezo, na makala yenyewe hayana mwandishi mmoja. Yeyote mwenye rununu anaweza kuyabadilisha. Asubuhi umeandika "Waluo". Adhuhuri mtu wa Tanga amefuta akaweka "Wajaluo". Jioni umerudisha lako, usiku naye amerudisha lake. Hamjuani. Hakuna anayelipwa, hakuna mhariri mkuu wa kugonga meza, na hakuna mmoja wenu anayeweza kumwachisha mwenzake kazi, kwa sababu hakuna aliyeajiriwa. Nani ataamua?

Hili ni swali la kila siku katika Wikipedia, na Wikipedia ya Kiswahili haikuepuka. Nimeona niliandikie katika safu hii ya lugha kwa sababu watu wengi hulichukulia kama jambo la vijana na mitambo yao, kumbe ni sura mpya ya ugomvi ambao sisi wa Kiswahili tumekuwa nao kwa zaidi ya karne nzima: neno ni la nani, na nani ana haki ya kuliamulia.

Kwanza mazingira yenyewe. Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Sehemu ya kwanza ya jina, "wiki", ni ya lugha ya Kihawaii na maana yake ni "haraka". Mtaalamu wa programu Ward Cunningham ndiye aliyelitumia mwaka 1995 kuita mtambo wake ulioruhusu msomaji kuhariri ukurasa papo hapo. Toleo la Kiswahili lilifunguliwa mwaka 2003, na kwa muda lilikuwa kama nyumba iliyoezekwa lakini haina mtu. Miongoni mwa waliolitia uhai ni Mtanzania Ndesanjo Macha, mwanasheria na mmoja wa wanablogu wa mwanzo kabisa wa Kiswahili, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Marekani. Mwaka 2006 hata gazeti la New York Times lilimtaja lilipoandika juu ya lugha za Kiafrika katika kamusi elezo hiyo. Leo toleo letu lina makala zaidi ya 80,000. Mengi ni mafupi mno, ndiyo maana yamewekewa alama inayosema kwamba makala hayo "bado ni mbegu". Nalipenda sana neno hilo, mbegu. Aliyelichagua alijua anazungumza na watu wa shamba.

Kila ukurasa wa kamusi elezo hiyo una mgongo. Msomaji wa kawaida huona uso tu, yaani makala. Nyuma yake kuna ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri hubishana, na ukurasa wa historia, ambako kila badiliko lililowahi kufanywa limehifadhiwa pamoja na tarehe, saa na jina la aliyelifanya. Ukifuta neno langu, neno langu halifi, linakaa historia. Naweza kulirudisha kwa kubofya mara moja, nawe ukalifuta tena. Wazee wa huku walikuwa na duol, kibanda cha mwenye boma ambamo wanaume walikula pamoja na mashauri yakasikizwa. Ukurasa wa majadiliano ni duol isiyo na nyuso. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana kwenye duol mtu huona aibu.

Toleo la Kiingereza, kwa kuwa lilikua upesi, ndilo lililolazimika mapema kujitungia sheria za ugomvi. Kisa maarufu ni cha mji mmoja wa pwani ya Polandi. Wapolandi huuita Gdańsk; Wajerumani, waliokaa humo na kuutawala kwa vipindi virefu, waliuita Danzig. Wahariri walifutiana majina hayo mwezi baada ya mwezi, hadi mapema mwaka 2004 ikapigwa kura. Uamuzi ukawa wa kihistoria kwelikweli: mji uitwe Danzig unapozungumzia miaka ya kati ya 1308 na 1945, na uitwe Gdańsk kabla na baada ya hapo. Hakuna upande ulioshinda wote, wala hakuna ulioondoka mikono mitupu. Kilichotumika kupima ni tarehe.

Mwaka huohuo wa 2004 ndipo ilipotiwa nguvu kanuni ya kwamba mtu asirudishe maandishi yake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24, akivuka hapo azuiwe kuhariri. Ni kanuni ya busara kwa sababu haimuulizi mtu kama ana haki au hana. Inamuuliza tu amerudia mara ngapi. Na mwanzoni mwa mwaka huo ikaanza kazi kamati ya usuluhishi, ambayo wajumbe wake ni wahariri wenyewe, kusikiliza kesi zilizoshindikana kwingine. Kamati hiyo kwa desturi haiamui yaliyomo katika makala. Haitakwambia kama mji ni Danzig au Gdańsk. Inaamua mwenendo: nani ametukana, nani amedanganya, nani ametumia majina mawili ili aonekane wengi.

Usidhani sheria hizo zilileta amani. Wahariri wa Kiingereza walibishana kwa takriban miaka 8, hadi 2011, kama jina la maziwa yaliyogandishwa liandikwe "yogurt" au "yoghurt". Miaka 8 kwa herufi moja! Sisi tungesema maziwa mala tukaendelea kunywa.

Au pengine tusingeendelea kunywa. Maana tazama hili. Katika shule za Kenya wanafunzi wengi hufunzwa kwamba nomino "makala" imo katika ngeli ya ya-, kwa hivyo "makala haya ni mazuri", nami nimeandika hivyo tangu mwanzo wa safu hii. Tanzania utasikia na kusoma "makala hii" na "makala hizi", na hakuna mwalimu atakayekutia alama nyekundu. Mkenya mwenye bidii akifungua kamusi elezo akakuta "makala hii bado ni mbegu", mkono unamwasha. Anarekebisha. Anaamini ametoa kosa. Mtanzania akipita, naye anaona kosa limetiwa. Ongeza na runinga dhidi ya televisheni, tarakilishi dhidi ya kompyuta, uzamifu dhidi ya uzamivu, Uhispania dhidi ya Hispania, Naibu Rais dhidi ya Makamu wa Rais (hapa hata katiba zenyewe zinatofautiana), nawe utaelewa kwa nini ugomvi mwingi wa wahariri wa Kiswahili ni mahali ambapo pande zote mbili ziko sahihi. Ugomvi wa kosa na usahihi ni rahisi kuumaliza. Leta kamusi, basi. Usahihi ukigombana na usahihi, kamusi inakuwa sehemu ya ugomvi, kwa sababu kila upande una yake.

Waingereza na Wamarekani walikutana na jambo hilohilo katika "colour" na "color", wakakubaliana hivi: makala yabaki katika tahajia iliyotumiwa na aliyetangulia, isipokuwa kama mada yenyewe ina uhusiano mkubwa na nchi mojawapo. Makala ya Birmingham yafuate Uingereza, ya Chicago yafuate Marekani. Ukiisoma vizuri, kanuni hiyo haichagui Kiingereza bora. Inakubali kwamba hakuna.

Kwetu sisi jambo kama hilo liliwahi kuamuliwa kwa njia tofauti kabisa, na hapa inafaa turudi Mombasa, Juni 1928.

Swali la mkutano uliofanyika huko lilikuwa: ni Kiswahili cha wapi kitakachoandikwa katika vitabu vya shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja? Wamisionari wa CMS, waliokuwa Mombasa tangu enzi za Krapf, walitetea Kimvita. Wale wa UMCA waliokuwa Unguja, na kazi za Askofu Edward Steere mkononi, walikuwa upande wa Kiunguja. Kila upande ulikuwa umekwisha kutoa Biblia yake nzima, ya Kiunguja mwaka 1891 na ya Kimvita mwaka 1914, kwa hivyo usifikiri walikuwa wakibishania hewa. Palikuwa na mitambo ya kuchapia, fedha za watu, na miaka ya kazi ya watafsiri. Mtaalamu wa Kijerumani Carl Meinhof alihusishwa kutoa ushauri. Kiunguja kikachaguliwa. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, katibu wake akiwa Frederick Johnson, ambaye jina lake limo kwenye kamusi sanifu zilizotoka mwaka 1939.

Kamati hiyo ilipokea miswada, ikaisahihisha, ikatoa kibali. Kitabu kisicho na kibali kilikuwa na njia nyembamba sana ya kuingia darasani. Waafrika, wenye lugha, hawakuketi katika mikutano yake hadi miaka ya 1940.

Sitaitukana kamati ile. Bila ya kazi yake mtoto wa Awendo na mtoto wa Songea wasingefanya mtihani kwa vitabu wanavyoelewana. Ila tuangalie ugomvi ulimalizwaje. Aliyeshindwa hakuambiwa "njoo kesho na ushahidi mwingine". Aliambiwa imeamuliwa. Hoja za wa Kimvita zilibaki katika mafaili na kumbukumbu za mikutano ambazo mwalimu wa Malindi hangeziona maisha yake yote. Mtu aliyesema "mato" na "ndoo" akiwa nyumbani kwao akaambiwa shuleni kwamba ni "macho" na "njoo". Manung'uniko yakahamia kwingine: katika mashairi, ambamo malenga wa pwani ya kaskazini wameendelea kuandika "mato" bila kumwomba mtu radhi, na katika kazi za wasomi kama Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa, aliyeandika na Mathias Mnyampala Historia ya Kiswahili (1977). Ndipo nasema ugomvi wa 1928 haukusuluhishwa. Ulifungwa tu, na kitu kilichofungwa hufunguka.

Ukilinganisha, Wikipedia ya Kiswahili haina kamati ya Johnson, na haina hata kamati ya usuluhishi kama ya Kiingereza. Ina wakabidhi. Neno hilo linanukia Kabidhi Wasii, yule ofisa wa serikali ya Tanzania anayesimamia mali za marehemu, na kweli kazi zinafanana: kutunza mali isiyo yako. Mkabidhi anaweza kufuta ukurasa, kuulinda usibadilishwe na kila mpita njia, au kumzuia mtu asihariri. Anachaguliwa na wahariri wenzake. Hana mamlaka ya kuamua ukweli, angalau katika maandishi. Kwa vitendo, jumuiya ikiwa ndogo, wenye funguo ndio haohao wanaoandika makala mengi, ndio wanaosahihisha tahajia, na ndio wanaotulizia wageni. Wahariri wanaoonekana kila wiki, mwaka baada ya mwaka, pengine wangetosha katika matatu moja au mbili.

Udogo huo una raha yake. Watu wanajuana kwa majina, hata kama ni majina ya kubuni. Wanajua fulani ni mkali asubuhi na mpole jioni. Jambo likizuka, mmoja anaandika katika ukurasa wa majadiliano: ndugu, naona umebadilisha hili, je, sababu ni nini? Mwingine anajibu. Mara nyingi linaisha hapo, kwa njia ambayo mzee yeyote wa kijiji angeitambua. Lakini una hatari yake pia: aliyekaa zaidi ndiye mwenye nguvu zaidi, na si kwa sababu ameteka kitu, bali kwa sababu wengine wote wamekwenda zao.

Kisa kinachoonyesha hili vizuri ni cha shindano la Google. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni hiyo ilitangaza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania kwamba wakiandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili watashindania zawadi. Shindano likaisha mwanzoni mwa 2010. Makala yalimiminika kwa mamia, na kwa mtu anayehesabu makala hiyo ilikuwa sherehe. Kwa wahariri wa kudumu ilikuwa mafuriko. Baadhi ya makala yalikuwa mazuri. Mengine yalikuwa yametafsiriwa na mashine na kumwagwa ukurasani bila hata aliyeyamwaga kuyasoma, sentensi zisizo na kichwa wala mguu, viungo vilivyovunjika, ngeli zinazopigana.

Pande mbili zilikuwa na hoja. Mwanafunzi alisema: nimeitwa nije, nimekuja, mbona kazi yangu inafutwa? Mhariri wa kudumu alisema: umekuja kwa zawadi, ukiondoka mimi ndiye nitakayebaki na ufagio. Na ndivyo ilivyokuwa. Shindano lilipokwisha wengi wa washiriki hawakurudi tena. Lugha nyingine zilizopitia wimbi kama hilo zilitafuta njia zao: wahariri wa Kibengali waliyakataa makala ya namna hiyo, wa Kitamil wakazungumza na kampuni na kuweka masharti ya ubora. Mambo hayo yalijadiliwa katika mkutano wa kimataifa wa wahariri mwezi Julai 2010, na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Gdańsk. Nani aliyepanga sijui, lakini mzaha ulikuwa mzuri.

Ninachokiona katika kisa kile ni kwamba hakuna aliyepoteza kwa hoja. Hakuna kura iliyopigwa ikawashinda wanafunzi. Walinyamaza, wakaondoka. Tukio kama hilo haliachi kelele katika ukurasa wa majadiliano, kwa hivyo anayesoma historia ya jumuiya akitafuta ugomvi mkubwa anaweza kulipita bila kuliona. Ugomvi wenye kelele ni dalili kwamba pande zote mbili bado zipo. Mimi naogopa zaidi ukurasa wa majadiliano ulio mtupu.

Mifano ya nje ipo, na inatisha. Mwezi Agosti 2020 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya watu wa Scotland iliyo jirani ya Kiingereza, ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa na umri wa miaka 12, kwa nia njema, akichukua maneno ya Kiingereza na kuyapinda pinda yaonekane ya Kiskoti. Kwa miaka mingi hakupata wa kubishana naye vya kutosha. Katika toleo la Kikroeshia ilikuwa kinyume: wa kubishana walikuwepo, lakini kundi dogo la wenye funguo, wa mrengo mkali wa kulia, liliwazuia na kuwachosha kwa takriban mwongo mzima, huku makala ya historia ya Vita Vikuu vya Pili yakipakwa rangi. Wakfu wa Wikimedia ulitoa ripoti juu ya jambo hilo mwaka 2021. Mwaka huohuo bodi yake iliidhinisha kanuni za maadili kwa miradi yote, pamoja na midogo kama wetu. Zinasaidia, sikatai, ingawa kanuni iliyotungwa mbali haiwezi kumwambia mtu kama neno fulani la Kiswahili ni tusi au ni utani wa watani.

Sasa turudi kwa Waluo, au Wajaluo, maana sijasahau.

Silaha kubwa ya kumaliza ubishi katika kamusi elezo ni chanzo. Ukidai jambo, onyesha limeandikwa wapi. Anayetaka "Waluo" ana vyanzo vya wenye jina. Mwaka 1938 Chifu Paul Mboya wa Karachuonyo, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, aliandika kwa Dholuo kitabu cha mila za watu wake, akakiita Luo Kitgi gi Timbegi. Luo tu, bila ja- wala jo-. Marehemu Profesa Bethwell Allan Ogot alipotoa kitabu chake cha historia mwaka 1967 aliandika juu ya "Southern Luo". Shina la jina, basi, ni Luo, na wenyewe wamelichapisha hivyo. Anayetaka "Wajaluo" ana ushahidi wa matumizi: magazeti, redio, riwaya, mazungumzo ya Waswahili kwa vizazi. Atakwambia kwamba lugha inayokopa ina haki ya kukopa vibaya. Sisi tumekopa "kitabu" kutoka Kiarabu, ambamo ki- haikuwa kiambishi hata kidogo, tukaligeuza wingi likawa "vitabu". Hakuna Mwarabu aliyetushtaki.

Kwa maoni yangu hoja hizi mbili hazina uzito sawa linapokuja jina la watu. Kitabu hakiumii kikiitwa vibaya. Hata hivyo sipendekezi mtu aingie kwenye ukurasa usiku na kufuta "Wajaluo" pote, kwa sababu mtoto wa shule anayeandika neno hilo katika kisanduku cha kutafutia lazima afike. Hapa kamusi elezo ina kifaa ambacho kamati ya 1930 ilikuwa nacho kwa unyonge tu, katika ule ufupisho wa makamusi, "taz." Ni ukurasa wa kuelekeza: andika jina lolote kati ya mawili, utapelekwa palepale. Sentensi ya kwanza itaje majina yote mawili. Kisha pawe na sehemu fupi yenye kichwa "Jina", ieleze ja- na jo- kama nilivyoeleza hapo juu, na vyanzo vyake. Kitakachobaki kugombaniwa ni jina lipi likae juu, na hilo likajadiliwe. Sitasema ukurasa wenyewe una jina gani leo. Kesho unaweza kuwa na lingine.

Kanuni ya chanzo, lakini, ina mlango mwembamba. Awendo maana yake ni kanga, yule ndege wa madoadoa. (Neno letu "kanga" lenyewe lina kesi yake: ndege au leso? Kamusi elezo humaliza kesi kama hiyo kwa ukurasa wa maana, unaoorodhesha zote na kumwacha msomaji achague.) Ukitaka kuandika kwa nini mji wa kiwanda cha sukari uliitwa kwa jina la ndege, utamuuliza mzee wa Sakwa, naye atakuhadithia. Ukiyaandika, mhariri wa mbali ataweka alama: chanzo kiko wapi? Naye hakosei, kwa sababu mwingine atakuja na hadithi tofauti ya mzee mwingine. Mwaka 2011 palikuwa na mradi uliojaribu, huko India na Afrika Kusini, kurekodi wazee na kuzifanya sauti zao kuwa vyanzo; wahariri wengi hawakushawishika. Wanahistoria walikwisha kupigana vita hivyo nusu karne kabla. Ogot aliijenga historia ya Joluo kwa masimulizi ya wazee wakati ambapo wengi katika vyuo vya Ulaya waliamini kwamba pasipo na maandishi hapana historia. Alikusanya, akalinganisha ukoo na ukoo, kizazi na kizazi, akachapisha, na leo anayemnukuu Ogot hakuna anayemuuliza chanzo. Nini kilibadilika? Maneno ya wazee ni yaleyale. Kilichoongezeka ni mtu aliyeyapima hadharani.

Kazi hiyo idara zetu za Kiswahili na historia zingeweza kuifanya, na hata kuitolea alama: mwanafunzi arekodi, alinganishe, achapishe katika jarida la chuo, kisha aingie kwenye kamusi elezo akiwa na cha kuonyesha. Na asiondoke alama zikishatolewa.

Angeanzia na mto. Ule unaoshuka kutoka nyanda za juu za Kisii ukapita kaunti yetu hadi Nyatike na kumwagika katika Ziwa Viktoria una majina mawili. Abagusii, wanaokaa unakozaliwa, huuita Gucha. Joluo, wanaokaa unakoishia, huuita Kuja. Hapa hakuna mkopaji wala mkopeshaji, na hakuna tarehe ya kuwagawia kama ya Danzig, kwa sababu majina yote mawili yanatumika leo, saa hii, na watu wanaochota maji yaleyale. Wanasayansi wa maji huandika "Gucha-Migori", wakiuunganisha na Mto Migori unaoingia humo, na kwa kufanya hivyo wamechukua jina la watu wa juu na jina la mto mwingine, la watu wa chini likaachwa. Mimi ningeweka "Mto Kuja" juu, na Gucha katika sentensi ya kwanza, kwa hoja kwamba mto hutajwa kwa jina unaloingia nalo ziwani. Najua mtu wa Ogembo atapinga, tena atauliza ni wapi imeandikwa kwamba mdomo ni mkubwa kuliko chemchemi. Ukurasa wa majadiliano uko wazi.